Mpangaji Aliyeziba Ufa



Kila aliyewahi kupanga nyumba mjini anayajua mazungumzo haya. Bawaba ya mlango imelegea. Mvua ikinyesha, maji yanachuruzika kwenye pembe ya chumba, na kila masika doa lile linazidi kupanuka. Mama wa nyumba anasema, "Baba Asha, si umwite fundi aangalie hapo?" Naye Baba Asha anajibu bila hata kuinua macho: "Nitengeneze nyumba ya watu? Mwenye nyumba yupo, na kodi yake anachukua. Atengeneze mwenyewe." Mwenye nyumba naye akiambiwa, anasema wapangaji ndio waharibifu, wacha wakae nayo hivyo hivyo. Basi ufa unabaki hauna mwenyewe. Mpangaji anausukumia kwa mwenye nyumba, mwenye nyumba anaurudisha kwa mpangaji, na ufa haungoji kesi iishe.

Juma hili nataka kuwasimulia habari za nyumba moja ya wakulima huko Uingereza, nyumba ya mawe yenye umri wa miaka 400 na ushei, pamoja na habari za mpangaji wake mmoja aliyekaa nayo miaka 25 bila kuimiliki hata siku moja. Nyumba inaitwa Kelmscott Manor. Mpangaji aliitwa William Morris. Sikusudii kuwasifia majumba ya Wazungu, maana wao wenyewe wanajua kuyasifu. Nailetea habari hii kwa sababu mabishano aliyoyaanzisha mtu huyu, juu ya nini kifanywe na nyumba kuukuu, hayajaisha mpaka leo, nayo yanatuhusu na sisi.

Kelmscott ni kijiji kidogo upande wa magharibi wa mkoa wa Oxfordshire, jirani na mji mdogo wa Lechlade. Mto Thames, ule ule unaopita London ukiwa mpana, umejaa vyombo na madaraja, hapo Kelmscott bado ni mto mwembamba unaojipindapinda kati ya malisho na miti ya mierebi. Nchi ni tambarare, na mto ukifurika maji hutanda malishoni. Nyumba yenyewe iko pembezoni mwa kijiji, imezungukwa na bustani yenye ukuta wa mawe. Ukiwa mbali unaanza kuona paa lake, lenye vilele vingi vya pembe tatu, rangi yake kijivu kama ya ardhi ya pale.

Jina hilo la "Manor" lisikudanganye. Kwa Waingereza neno hilo ni la makazi ya bwana mwenye ardhi, mtu wa kuamkiwa kwa kuvuliwa kofia. Lakini nyumba hii ilipojengwa, karibu mwaka 1600, ilikuwa ya wakulima, familia ya Turner, na jina la kibwana lilibandikwa baadaye sana, katika karne ya 19. Akina Turner hawakuwa maskini. Walikuwa katika lile tabaka la wakulima wenye nafasi, walio chini ya mabwana na juu ya vibarua. Walilima, walifuga, waliajiri watu, na walipopata fedha walijenga.

Hawakuwa peke yao. Mwanahistoria W. G. Hoskins aliandika mwaka 1953 kwamba kati ya miaka ya 1570 na 1640 sehemu kubwa ya mashamba ya Uingereza ilijengwa upya. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara. Bei za nafaka, nyama na sufu zilipanda mwaka hata mwaka, huku wakulima wengi wakilipa kodi za ardhi zilizopangwa zamani na zisizopandishwa kwa urahisi. Tofauti ya bei mpya na kodi ya zamani ilibaki mfukoni mwa mkulima. Baadhi ya wanahistoria waliomfuata wamebishana naye juu ya miaka hiyo, lakini jambo lenyewe linaonekana kwa macho: ukipita vijiji vya Uingereza ya kati na kusini, nyumba nyingi za kale zilizobaki ni za enzi hiyo.

Badiliko lenyewe lilikuwa kubwa kuliko tunavyoweza kudhani. Kabla yake, nyumba ya mkulima ilikuwa na ukumbi mmoja mkubwa usio na dari, moto ukiwaka katikati ya sakafu, na moshi ukipanda hadi kwenye mapao na kutoka kwa kujitafutia njia. Mwandishi William Harrison, mwaka 1577, alisimulia kwamba wazee wa kijiji chake walikuwa wakistaajabia wingi wa dohani zilizochomoza siku hizo. Sisi tunaweza kuicheka dohani, lakini hebu fikiri. Moshi ukishapata njia yake ndani ya ukuta, unaweza kuweka dari juu ya ukumbi. Ukishaweka dari, una orofa. Ukiwa na orofa, una vyumba vya kulala vya faragha, baba na mama huku, watoto kule, ghala ya nafaka juu kabisa. Dohani moja ilibadilisha maisha ya familia nzima.

Tuingie sasa katika ujenzi wenyewe. Kuta za Kelmscott ni za mawe ya chokaa, yasiyochongwa sana, yaliyopangwa mstari juu ya mstari. Mawe ya ukanda ule wa vilima vya Cotswold na nchi iliyo chini yake yalizaliwa baharini, zaidi ya miaka milioni 160 iliyopita, ambapo pale palipo malisho leo palikuwa na bahari ya joto yenye maji ya kina kifupi. Ukilichunguza jiwe la aina hiyo kwa karibu, mara nyingi utakuta limejengeka kwa chembe ndogo za mviringo, mfano wa mayai ya samaki, na hapa na pale kombe la kale limekwama ndani. Mkulima alichimba jiwe lake karibu na anapolitaka, maana jiwe ni zito na barabara za siku hizo zilikuwa matope matupu. Gari la kukokotwa na ng'ombe au farasi halikupenda safari ndefu.

Jiwe na jiwe viliunganishwa kwa mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma mawe yale yale katika tanuri, kisha kuyazima kwa maji. Naomba ukumbuke jambo hili, maana tutalirudia: mchanganyiko wa chokaa ni laini kuliko jiwe. Ukuta wenye unene wa futi mbili hivi ukinyonya maji ya mvua, unyevu hutokea kwenye viungo vya chokaa na kukauka kwa upepo. Nyumba ikijisogeza kidogo, kama nyumba zote zinavyofanya, chokaa inakubali bila kuvunja jiwe. Na kiungo kikichakaa baada ya miaka mingi, fundi mwashi anakikwangua na kujaza kipya. Jiwe linabaki.

Madirisha yamegawanywa kwa nguzo nyembamba za mawe, na juu yake kuna ukingo wa jiwe uliotokeza ili maji ya mvua yadondokee mbali na kioo. Hilo si pambo, ni mwavuli. Vioo ni vidogo vidogo, vimeunganishwa kwa vipande vya risasi, kwa sababu kioo kilikuwa ghali na mafundi wa siku hizo hawakuweza kutengeneza kipande kikubwa kwa bei ya mkulima.

Lakini fahari ya nyumba ni paa. Halikuezekwa kwa nyasi wala kwa vigae vya udongo, limeezekwa kwa vigae vya mawe. Katika mkoa huo huo, kwenye kijiji cha Stonesfield, watu walikuwa na ujuzi wa kulitumia baridi kama fundi. Walichimba mawe majira ya baridi yakikaribia, wakayaacha nje na kuyamwagia maji yasikauke. Jalidi ilipoingia, maji yaliyomo ndani ya jiwe yaliganda, yakavimba, na jiwe likapasuka lenyewe katika tabaka nyembamba. Kilichobaki kwa fundi ni kulinyoosha kwa nyundo, kulitoboa tundu na kulitundika juu ya paa kwa kijiti cha mwaloni. Vigae vikubwa huwekwa chini, kwenye upenu, kwa kuwa huko ndiko maji mengi yanakopita, na vinazidi kupungua ukubwa kadiri unavyopanda, hadi vile vidogo kabisa mgongoni mwa paa. Morris alipouona mpangilio huo aliufananisha na magamba ya samaki. Kwa kuwa paa la namna hiyo lina uzito wa kutisha, kenchi zake ni za miti minene ya mwaloni, na mwinuko wake ni mkali ili maji yasipate nafasi ya kutulia.

Karibu na miaka ya 1660, akina Turner waliongeza ubavu mwingine wenye vyumba vikubwa vya kupokelea wageni, chini na orofani. Fundi wao alitumia mawe yale yale, lakini hakujaribu kuficha kwamba kazi yake ni ya enzi nyingine. Vyumba vipya vina kimo kingine na mapambo mengine. Mtu mwenye jicho anaweza kusimama bustanini na kusema, hapa aliishia babu, hapa alianzia mjukuu. Nyumba ni kama daftari la ukoo, kila kizazi kimeandika ukurasa wake na hakuna aliyefuta ukurasa wa mwenzake.

Sasa aingie mpangaji. William Morris alizaliwa mwaka 1834. Alikuwa mshairi, mfumaji, mpiga chapa, na zaidi ya yote mbunifu wa nakshi za vitambaa na karatasi za ukutani. Mwaka 1861 alianzisha kampuni na rafiki zake, na mpaka leo nakshi zake zinauzwa. Mwaka 1871 alikuwa akitafuta mahali pa shamba ambapo mkewe Jane na mabinti zake wawili wangepata hewa safi mbali na moshi wa London. Akaiona Kelmscott na kuipanga mwaka huo huo, akishirikiana na rafiki yake, mchoraji Dante Gabriel Rossetti. Watu wa siku hizo walinong'ona sana kuhusu ukaribu wa Rossetti na Jane, na minong'ono hiyo haikuwa ya bure. Rossetti aliondoka mwaka 1874 asirudi tena. Morris akabaki na nyumba mpaka kifo chake.

Na alifanya nini na nyumba hiyo? Hapa ndipo habari inapokolea. Mtu huyu alikuwa fundi wa mapambo aliyetafutwa na matajiri awapambie majumba yao. Ungetegemea aivamie Kelmscott kwa rangi na nakshi. La hasha. Katika chumba kimoja cha ubavu ule wa karne ya 17 kulikuwa na mazulia ya ukutani yaliyofumwa hadithi ya Samsoni, yamepauka kwa miaka. Aliyaacha mahali pake. Sakafu zilizopinda aliziacha zimepinda. Orofani kabisa, chini ya kenchi, ambako zamani walilala wachungaji na vibarua wa shamba, hakupageuza. Bustanini alikuwa na ua wa majani alioupogoa kwa mkono wake hadi ukawa na umbo la joka. Nyumba haikupewa nakshi zake, yeye ndiye aliyechukua nakshi kutoka kwake. Ndege waliokuwa wakiiba stroberi bustanini ndio waliomtungisha nakshi yake mashuhuri ya mwaka 1883, na majani ya mierebi ya kando ya mto ndiyo yaliyomo katika nakshi yake ya mwaka 1887.

Wakati yeye anaiacha nyumba yake ipumue, Uingereza nzima ilikuwa imeshikwa na homa ya "kurejesha" majengo ya kale, hasa makanisa. Mafundi wenye vyeti na majina makubwa waliingia katika jengo la miaka 600, wakaamua kwamba karne fulani ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, kisha wakabomoa kila kilichoongezwa baadaye na kujenga upya kile walichodhani kilikuwapo mwanzo. Kuta zilikwanguliwa lipu yake ya kale mpaka mawe yakabaki uchi. Kazi ikiisha, jengo linang'aa kama meno ya bandia, na watu wanaambiwa: tazameni, hivi ndivyo lilivyokuwa enzi za mababu. Nalo halikupata kuwa hivyo hata siku moja.

Mwaka 1876 Morris aliona kazi ya namna hiyo katika kanisa la Burford, si mbali na Kelmscott. Mwaka uliofuata akasikia kwamba kanisa kubwa la Tewkesbury nalo lilikuwa linapangiwa hivyo hivyo. Hasira zikampanda, akaandika barua kwenye gazeti la Athenaeum, na mwezi huo huo wa Machi 1877 yeye na wenzake, akiwemo msanifu Philip Webb, wakaunda Chama cha Kulinda Majengo ya Kale. Wenyewe walikipa jina la utani lenye maana ya Wapinga Kukwangua. Chama hicho kipo hadi leo.

Fundisho lao lilikuwa jepesi kutamka na gumu kutenda. Walisema jengo la kale lisirejeshwe, litunzwe. Kigae kikianguka, kirudishe leo. Mfereji wa maji ukiziba, uzibue kabla ya mvua. Ukuta ukiinama, utie nguzo, na nguzo hiyo ionekane kuwa ni nguzo, isijifanye kuwa sehemu ya kale. Panapohitajika kitu kipya, kiwe kipya waziwazi. Na jengo likiwa halifai tena kwa shughuli ya leo, jenga lingine pembeni, usilikatekate la zamani. Msikilizaji, ukilichuja tamko lao lote, utabaki na maneno ambayo bibi zetu walituambia bila kuunda chama: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tena walisema jambo la pili, ambalo ndilo zito. Walisema majengo haya si mali yetu tuyafanyie tupendavyo. Walioyajenga wana haki ndani yake, na ambao hawajazaliwa wana haki pia. Sisi ni wadhamini tu. Nadhani haikuwa ajali kwamba maneno hayo yalitoka kwa mpangaji. Mwenye hati husema "nyumba yangu" na maneno yakaishia hapo. Mpangaji hulala kila usiku akijua kwamba kuna aliyekuwapo kabla yake na kuna atakayekuja baada yake. Morris aliigeuza hali hiyo ya mpangaji kuwa kanuni ya kila mtu.

Sasa nasikia mtu ananikatiza, na ana haki. Atasema, huyo Morris alikuwa tajiri. Baba yake alichuma utajiri kwa hisa za mgodi wa shaba, na Kelmscott ilikuwa nyumba yake ya pili, si ya kwanza. Ni rahisi kupenda sakafu iliyopinda na ukuta wenye unyevu kama una nyumba nyingine London ya kukimbilia baridi ikizidi, na watumishi wa kukuchotea maji. Kibarua wa Kelmscott aliyelala na watoto wake katika kijumba kinachovuja hakuwa na hamu ya uzuri wa ukale. Alitaka paa zima na mshahara wa kutosha.

Ni kweli kabisa, na wa kwanza kulikubali hilo ni Morris mwenyewe. Mwaka 1883 alijiunga na wasoshalisti, akawa anahutubia wafanyakazi mitaani, yeye mwenye kampuni ya kuwauzia matajiri mazulia. Mwaka 1890 alitoa hadithi yake iitwayo News from Nowhere, ambayo ndani yake mtu analala katika London ya moshi na kuamka katika zama zijazo, zama zisizo na bwana wala maskini. Anasafiri kwa mashua kuupanda mto Thames, na safari inaishia katika nyumba kuukuu ya mawe wakati wa kuvuna majani ya malisho. Nyumba hiyo ni Kelmscott, na kitabu kilipochapwa tena mwaka 1892 picha yake iliwekwa mbele. Kwa hiyo yeye aliitazama nyumba ya mkulima na kuona ndani yake kazi ya mikono ya watu wa kawaida, mwashi, seremala na mchimba mawe, waliofanya kazi nzuri pasipo majina yao kuandikwa popote. Kuikwangua nyumba ile kwake kulikuwa kufuta jina lao la pekee.

Morris alifariki London tarehe 3 Oktoba 1896. Mwili ulipelekwa kwa treni hadi Lechlade, na kutoka hapo ukabebwa katika gari la shamba lililopambwa kwa matawi, hadi makaburi ya kanisa la Kelmscott. Kaburi lake alilisanifu rafiki yake Webb, na jiwe lake lina umbo la paa la nyumba.

Jane aliinunua nyumba mwaka 1913, miezi michache tu kabla ya kufa kwake, na ndipo kwa mara ya kwanza ikawa ya familia hiyo. Binti yao May aliishi humo hadi alipofariki mwaka 1938, na katika wasia wake akakiachia Chuo Kikuu cha Oxford, kwa sharti kwamba itunzwe kama ilivyo. Unaweza kudhani nyumba iliyoachwa mikononi mwa wasomi imepona. Haikuwa hivyo. Chuo kiliuona wasia ule kuwa mzigo, na mwaka 1962 nyumba ikahamia kwa Chama cha Wataalamu wa Mambo ya Kale cha London. Matengenezo makubwa yalifanyika kati ya 1964 na 1967. Leo nyumba iko katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa kisheria nchini humo, na mwaka 2022 ilifunguliwa tena kwa wageni baada ya ukarabati mwingine. Funzo ni kwamba hata nyumba yenye jina, yenye wasia na yenye wasomi, huchakaa asipopatikana mtu wa kupanda juu ya paa na kurudisha kigae kimoja.

Nilisema tutairudia chokaa. Sisi watu wa pwani tuna jamaa wa nyumba ile. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu ni za mawe ya matumbawe, nayo ni mawe ya chokaa yaliyozaliwa baharini, yakaunganishwa kwa chokaa iliyochomwa na kuzimwa, na boriti za mikoko juu yake. UNESCO iliiingiza Zanzibar katika urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Adui wa kuta hizo ni yule yule wa kuta za Oxfordshire, tena anakuja na uso wa rafiki: saruji. Mtu anaona lipu ya chokaa imebanduka, anapiga lipu ya saruji ili "imalizike kabisa". Saruji ni ngumu kuliko jiwe, nayo inaufungia unyevu ndani. Nje ukuta unaonekana mpya, ndani jiwe linaoza na boriti inaliwa. Sisemi kila jengo linaloanguka limeangushwa na saruji. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wakapoteza maisha. Siku ile tuliona kwa macho kwamba nyumba kuukuu ikipasuka si suala la mapambo wala la watalii, ni suala la roho za watu.

Narudi kwa Baba Asha na doa lake ukutani. Sitamwambia atoe fedha zake zote kumjengea mwenye nyumba, na mwenye nyumba anayekula kodi na kusahau paa naye ana deni lake. Lakini akiwa na nusu saa ya Jumapili, apande akatazame maji yanapitia wapi. Huenda ni jani tu limeziba mfereji. Akilitoa, hatakuwa amemtendea mwenye nyumba peke yake. Atakuwa amewatendea Asha anayelala chini ya doa lile, na mpangaji atakayekuja baada yake, ambaye hatamjua kwa jina. Akina Turner waliijenga Kelmscott, nao wamepita. Morris aliitunza bila hati, naye amepita. Ukuta bado umesimama, na kila aliyekaa humo, mwenye hati na asiye na hati, alikuwa ni mpangaji tu.